Jibu Kamili

Port Bell, Kampala
Alhamisi, 8 Machi 1973

Mpendwa mpwa wangu Awiti,

Salamu zangu zivuke ziwa zikukute u salama. Vipi afya yako huko Kisumu? Vipi goti la mama yako Nasike, ile dawa ya kuchua niliyompelekea Krismasi imemsaidia, au ameiweka kabatini pamoja na dawa zangu nyingine zote? Namjua dada yangu. Na baba yako Omolo, je, kile kikohozi cha masika kimemwacha? Niambie mambo yao yote usinifiche, maana huku nina njaa ya habari za watu wanaougua magonjwa ya kawaida.

Sisi tunapumua. Siku hizi Kampala mtu akikuuliza hali ukasema unapumua, umejibu vya kutosha. Mke wangu Bibiane ni mzima, ila cherehani yake imekaa kimya kwa kukosa uzi. Lile duka la Mhindi pale Nakivubo alikokuwa akinunua sasa ni la sajini mmoja, ambaye uzi wa rangi zote ameutia kwenye gunia moja kama maharage, na ukitaka mweupe anakuambia chukua uliopo au utoke. Bibiane alitoka. Sukari tumesahau, chumvi tunaitafuta kwa kunong'ona.

Barua yako nilipewa na Abudu, baharia wa ile meli inayovusha mabehewa ya treni, na ndiye atakayekuletea hii. Tafadhali usinijibu kwa posta. Bahasha zinafika zimefunguliwa, na aliyezifungua hata hajisumbui kuzibandika tena vizuri.

Nimefurahi kusikia umepewa darasa la watu wazima, uwafundishe akina mama wa sokoni Kiingereza cha kuuliza na kujibu. Umeniomba mambo mawili. Kwanza nikufafanulie yale maswali yanayokutatiza. Pili nikutumie ule utaratibu wangu wa madaftari, niliojivunia mezani kwenu mwaka juzi mpaka mama yako akaniambia ninyamaze ili watu wapate kula. La kwanza nitakupa. La pili sikupi, na nitakueleza kwa nini, ingawa mkono unakuwa mzito.

Tuanze na "How do you do?" Unasema wanafunzi wako wanajibu "I do well" nawe hujui uwaambie nini. Waambie hilo ni swali kwa sura tu. Mtu akikuambia hivyo, nawe unamwambia vivyo hivyo, mnapeana mikono, mambo yameisha. Kila mmoja ameuliza na hakuna aliyeambiwa kitu. Ni salamu ya watu waliokutana mara ya kwanza, watu wa adabu na tai. Likumbuke hili, nitalirudia.

Lile "do" linalokuumiza kichwa halina maana yake lenyewe. Sisi tukitaka kuuliza tunaweka "je", au tunapandisha sauti tu. Kiingereza hakikubali swali liingie peke yake. Lazima "do" litangulie kama askari wa lango. Na kama kuna ile "s" ya mtu mmoja, yeye ndiye anaichukua, kitenzi cha nyuma hakiachiwi kitu: "Does he work?", si "Does he works?" Mimi niliwafundisha hivyo hivyo wanafunzi wangu, wake za askari, wakacheka mpaka wakafutana machozi. Walizoea kunyang'anywa vitu langoni.

"What do you do?" ni kuuliza kazi ya mtu, jambo analolifanya siku zote. "What are you doing?" ni sasa hivi, mikono yako inashika nini. Vivyo hivyo "Where do you come from?" inataka asili yako, na "Where are you coming from?" inataka kujua umetoka wapi saa hii. Wanafunzi wako wakiyachanganya watapoteza alama moja. Hapa kwetu, kwenye kizuizi cha barabara ya Port Bell, la kwanza linatafuta kabila lako na la pili linatafuta uliyekwenda kumwona. Nimeulizwa yote mawili asubuhi moja. Bahati yangu mimi ni Mbukusu, na Wabukusu bado hawajafikiwa.

Kuna na yale maswali yenye mkia: "You are from Gulu, aren't you?" Huyo haulizi, Awiti. Amekwisha jibu mwenyewe, anangoja tu kichwa chako kiitikie. Wafundishe mwisho kabisa, au usiwafundishe.

Na "What is the matter?" maana yake una nini, kumetokea nini. Ni swali la huruma. Huku tumeacha kulitumia. Ukimwona mtu amekaa chini analia pale sokoni Owino, unapita. Si kwamba moyo umekuwa jiwe; ni kwamba jibu lake likishaingia masikioni mwako linakuwa lako pia.

Hayo ndiyo maelezo uliyoyataka. Sasa nikueleze habari ya madaftari.

Darasa langu lilianza Agosti 1971, saa kumi na moja jioni nikitoka kwenye ukarani wangu bandarini, katika ukumbi mmoja wa kanisa huku Luzira. Wanafunzi kumi na wawili, wote wanawake, wengi wao waume zao ni askari wa jeshi au polisi kutoka kaskazini. Tulipewa kitabu cha zamani, chenye Bwana Brown na mkewe na mbwa wao. Bwana Brown anakaa wapi? Bwana Brown anakaa London. Nikakidharau kitabu kile. Nikasema hawa ni watu wazima, wana maisha yao, kwa nini wakae wanamjibia Mzungu asiyekuwapo? Kila mmoja aandike habari zake mwenyewe. Unatoka wapi, mumeo ni nani, anafanya kazi wapi, kaka yako anakaa kwa nani. Na juu ya ubao nikaandika sheria mbili kwa chaki nyekundu: anayeulizwa lazima ajibu, na jibu liwe kamili na la kweli. "Yes" na "No" tupu zilikuwa kosa. "I do not know" ilikuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu nilisema hiyo hata mvivu anaijua.

Na ulifanya kazi ule utaratibu, sikudanganyi. Mtu akiandika habari ya mtoto wake mwenyewe haisahau. Nikawa natembea na yale madaftari kwapani kama askofu na vitabu vyake.

Aliyewashinda wote alikuwa Lamunu. Mwacholi wa Kitgum, mrefu, anayechekea puani, aliyekuwa akiuza simsim Owino asubuhi na jioni anakuja darasani na binti yake Acan mgongoni. Mumewe Ochan alikuwa dereva jeshini. Lamunu alitaka Kiingereza apate kazi ya usafi hospitalini, maana huko, alisema, hawamwajiri mtu ambaye akiulizwa anabaki kukodoa macho.

Yaliyowapata Waacholi na Walango makambini unayajua, hata redio yenu iliyasema kidogo. Ochan aliponea chupuchupu. Gari lake liliharibika njiani akachelewa kurudi siku ambayo wenzake waliitwa gwaride wakauawa, akasikia habari kabla hajafika, akageuka. Hakuonekana tena. Lamunu alitolewa kwenye nyumba ya jeshi na vyombo vyake, akapanga chumba Kitintale, na darasani akaendelea kuja kama kawaida.

Septemba mwaka jana nilitoa zoezi la "Where does he stay?" Lamunu aliandika kwamba hajui mumewe anakaa wapi. Nikampigia mstari mwekundu. Mimi mjomba wako, niliyejua vizuri kabisa kwa nini mwanamke yule anasema hajui. Pembeni nikaandika: jibu kamili. Kipindi kilichofuata alibaki nyuma wenzake walipotoka, akaja mezani kwangu.

"Mwalimu, lazima mi naandika ya kweli?"

"Daftari hili tunasoma mimi na wewe tu," nikamwambia.

Akakaa palepale akaandika. Mwandiko mzuri, herufi zimesimama wima. "My husband stays with his cousin Komakech in the sugar-cane camp near Jinja." Anakaa na binamu yake Komakech, katika kambi ya wakata miwa karibu na Jinja. Hakukosea hata nukta. Nilimpa alama ya vema kubwa, nikafurahi, na naona aibu kukuambia kwamba furaha yangu yote ilikuwa ya ile "s" ya "stays".

Bibiane aliyakuta madaftari mezani nyumbani akaniuliza yameandikwa nini. Nikamsomea mawili matatu kwa majivuno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niyachome kabla ya chakula. Nikamwambia ashughulike na sindano zake. Ni mali ya wanafunzi, nikasema, tena nitayapeleka kwa wakubwa wa elimu wapatiwe vyeti. Asubuhi madaftari yakarudi kwapani.

Jumanne tarehe 10 Oktoba, siku moja baada ya sikukuu ya Uhuru, mtu mmoja aliingia ukumbini nikiwa peke yangu nafuta ubao. Suti ya kijivu, tai, faili la kahawia. Akaninyooshea mkono akasema, "How do you do?" Nami nikamjibu, "How do you do?", kama nilivyofundishwa na wamisionari, na moyo ukachangamka.

Hapa nikuambie ukweli wangu mbaya. Wale watu tunaowaogopa, mimi nilidhani ninawajua. Nilidhani wote ni wa kile Kiswahili cha kambini, cha "kuja hapa" na "wewe iko nani". Nilijiaminisha kwamba anayeua hana sarufi. Mtu aliyejua kusalimu vile, na miaka miwili sijasalimiwa vile na mtu yeyote, sikuweza kumdhania ubaya. Akasema amekuja kukagua madarasa ya watu wazima. Sikumwomba karatasi. Nilimvutia kiti nikakipangusa vumbi.

Akauliza kwa utaratibu, bila haraka. Una wanafunzi wangapi? Wanatoka wapi? Wanaandika habari zao wenyewe? Nikamjibu kila swali kwa sentensi kamili. Akaomba kuona madaftari, nikampa kwa mikono miwili. Na kwa kuwa aliyafunua juu juu kama mtu asiyevutiwa, ikaniuma. Nikachomoa la Lamunu, lenye jalada la buluu, nikalifungua mimi mwenyewe kwenye ukurasa ule, nikaweka kidole. Tazama huyu, nikamwambia, miezi kumi na minne tu. Akasoma. Akasema, "Very good." Akaniomba aondoke nayo yote, atayarudisha Ijumaa. Nikamfungia madaftari kwa kamba.

Ijumaa hiyo Ochan na Komakech walichukuliwa. Mpaka leo hawajaonekana, wala maiti zao.

Habari aliileta mke wa Komakech, aliyekimbilia kwa Lamunu na nguo alizovaa. Alisema walikuja watu wanne kwa gari. Hawakuipekua kambi, walimwita Komakech kwa jina, na mmoja wao alikuwa amekunja mkononi daftari la shule, la buluu. Lamunu alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni kwangu. Alidhani daftari lile ni orodha ya jeshi. Aliniuliza madaftari yetu yako wapi, nikasema yako kwa wakubwa wa elimu. Aliniamini, au alitaka kuniamini, sijui. Wale wengine kumi na mmoja darasa lilipokosa madaftari walipungua mmoja mmoja. Mmoja wao, Alal, alihama na watoto bila kuaga. Sithubutu kuwatafuta.

Bibiane hakuniambia "nilikuambia". Ingekuwa afadhali aseme.

Tangu hapo nimekuwa nikimpelekea Lamunu sabuni na chumvi ninazopata kwa mabaharia. Huwa ananishukuru kwa kupiga magoti, kama ilivyo desturi ya wanawake wa kwao kumshukuru mtu mzima, na kila akipiga magoti natamani anitemee mate. Miezi mitano, Awiti. Nilijiambia ukweli hautamrudisha Ochan. Nilijiambia ana mtoto wa kulea, asiongezewe uchungu. Mwoga hakosi sababu nzuri.

Miezi yote hiyo Lamunu amekuwa akizunguka malangoni, ofisi hii na kambi ile, akiuliza, "Bwana yangu iko wapi?" Wanamfukuza. Wiki iliyopita askari mmoja alimwambia akirudi tena ataingia ndani na hatatoka. Juzi Jumanne akaja kwangu. Sikujua anakuja kuomba nini. Alitaka nimfundishe kuuliza kwa Kiingereza. Alisema wale wakubwa wanaopita langoni kwa gari watasimama wakimsikia mtu anauliza vizuri.

Ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule sikuwahi kumfundisha kuuliza. Mimi niliuliza, wao walijibu. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliona naifanya vizuri sana.

Basi tukaketi. "Where is my husband?" Hapa hakuna "do", kwa sababu "is" inajitosha, inaruka mbele yenyewe. "When did you take him?" "What has he done?" "May I see him?" Alizishika upesi kama zamani. Kisha akataka moja zaidi. Akitaka kujua ni nani aliyewaambia, hilo linasemwaje? Nikamwambia: "Who told you?" Nikamweleza, kwa sauti hii hii ya ualimu ninayokuandikia wewe, kwamba hilo ni jepesi kuliko yote, askari wa lango hana kazi hapo, maana unayemtafuta ni mtendaji mwenyewe.

Akalirudia kwa desturi ya darasa, akinitazama usoni. "Who told you?" Nikamsahihisha sauti. "Who told you?" Mara sita au saba. Kisha akangoja, macho bado yako kwangu, kwa sababu sheria ya darasa anaijua. Niliiandika mwenyewe kwa chaki nyekundu. Nikasema, "Vizuri sana, Lamunu," nikaenda jikoni kumtafutia mtoto chai.

Kwenye malango yale haendi tena, nimemsihi na Bibiane amemsihi. Nimepanga na Abudu amvushe Jumapili yeye na Acan kwa meli ya mabehewa, kwa jina la dada wa Abudu. Nimemwambia Kisumu nina mpwa wa kumpokea. Sikukuomba ruhusa, nisamehe, muda haupo. Lamunu amekubali nusu. Lakini siwezi kumpakia melini juu ya uongo wangu, aondoke akinishukuru kwa magoti. Kesho nitakwenda Kitintale nimwambie. Siogopi atanishtaki, maana atanishtaki kwa nani katika nchi hii? Naogopa kumtazama. Barua nitaiacha wazi mpaka nirudi.

Jumamosi, 10 Machi

Nimemwambia.

Nilimkuta anakaanga simsim, mtoto anacheza na vifuniko vya chupa. Nikaanza kwa Kiingereza, nadhani kwa woga, kama mtu anayejificha nyuma ya mlango: "I told them." Nikarudia yote kwa Kiswahili, yule mtu wa suti, lile daftari la buluu, kidole changu juu ya ukurasa.

Hakulia. Kwanza aliitoa sufuria motoni ili simsim isiungue. Kisha akauliza ilikuwa siku gani. Nikamwambia Jumanne, siku moja baada ya Uhuru. Akafikiri. Akasema asubuhi ya siku ile alipita nyumbani kwangu na chupa ya simsim ya kusaga, asante ya ile alama ya vema. Nilikuwa nimesahau. Tuliipaka kwenye mihogo mimi na Bibiane wiki nzima.

Simsim ilipopoa akamwinua mtoto akamfunga mgongoni, akasema bila kunitazama:

"Mi naenda Kisumu sababu ya mutoto. Wewe usikuje bandarini."

Sitakwenda. Mimi karani wa bandari kesho nitajifanya mgonjwa. Bibiane ndiye atakayemsindikiza.

Watafika Jumatatu asubuhi. Abudu atatangulia kushuka akuletee barua hii, uisome, kisha mwende naye mkawachukue. Ni mwanamke mrefu mwenye lesu ya kijani na mtoto wa miaka mitatu. Mzigo wake ni mdogo, usishangae.

Sasa nisikilize, mpwa wangu. Usimuulize anatoka wapi. Usimuulize mumewe ni nani, wala amefikaje, wala ana nini. Hata hali yake usimuulize. Mpe maji ya kunywa, mpe ya kuoga, muoneshe kitanda, umwache. Majirani wakiuliza, jibu wewe, na usijibu kwa sentensi kamili. Lakini yeye akikuuliza lolote, mwambie kweli yote, hata kama ni juu yangu. Mwambie mama yako naye afanye hivyo, ingawa najua kumzuia Nasike kuuliza ni kazi.

Darasani kwako mrudishe Bwana Brown. Akina mama wako waseme anakaa London, ana mke na mbwa, anakunywa chai saa kumi. Watachoka naye, waache wachoke. Hakuna atakayekwenda kumchukua.

Naona nimefanya tena yale yale: nimeandika majina, mahali na siku, kwa mwandiko wangu mzuri. Ukimaliza kusoma, itie barua hii jikoni, uangalie mpaka iwe majivu.

Nisalimie mama yako Nasike na goti lake, na baba yako Omolo. Bibiane anawasalimu, na anasema ukipata uzi mweupe umpe Abudu. Mungu ailinde nyumba yenu, na mlango wenu uendelee kugongwa na wageni tu.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda,
Khisa